Bata wa Ileje

Siku Gwalugano alipoanguka, ukungu ulikuwa bado umelalia kahawa. Roda alimsikia kabla ya kumwona. Mstari wa pili kutoka kwake kikapu kilidondoka, kahawa nyekundu zikamwagika na kuviringika mpaka miguuni pake. Roda, kwa kinywa kilichozoea, akapaza sauti, "Bata wa Ileje! Yaani asubuhi hii umeshaanza kumwaga mali ya watu?"

Akasubiri ajibiwe. Kila siku alijibiwa. Gwalugano hakuwa mtu wa kuacha neno la Roda lianguke chini. Roda akasubiri tena, mkono ukiwa umeshika tawi. Ukimya ulitanda kwenye mistari.

"Mtani?"

Alipovuka mstari alimkuta amelala kifudifudi, kamba ya kikapu bado imemzunguka kiunoni. Walimpakia kwenye pikipiki, katikati ya dereva na Roda, na kabla hawajafika barabara ya lami Roda alijua kwamba anachokikumbatia hakimkumbatii tena.

Hivyo ndivyo Gwalugano alivyoondoka kijijini Hasamba.

Alikuwa amekuja miaka sita nyuma kutoka Ikinga, huko Ileje, kufanya kibarua cha kuchuma kahawa, mtoto mgongoni na mguu mmoja wa kuchechemea. Mguu huo ulivunjika akiwa msichana, alipoteleza mlimani na mkungu wa ndizi kichwani. Baba wa mtoto hakutajwa, na Roda hakuuliza. Msimu ulipoisha Gwalugano hakurudi kwao. Alipanga chumba cha uani kwa Roda na mumewe Yonasi, na tangu hapo wanawake hao wawili, Roda Mnyiha na Gwalugano Mndali, wakawa hawapitani bila kurushiana neno.

"Bata wa Ileje, nimekupikia ugali. Usiniulize ndizi ziko wapi."

"Ninyi nanyi! Kahawa mnalima tangu babu zenu, kuinywa hamjui. Mnakoroga majani ya chai mnasema mmekunywa."

Watu wa kijiji waliwahesabu kuwa watani kamili. Ikupa, binti wa Gwalugano, na Brayan, kijana wa Roda, walikua katikati ya vicheko hivyo kama kuku wanaokua katikati ya kelele za mtambo. Hakuna aliyekaa nao akawaeleza. Nani humweleza mtoto kitu anachokisikia kila siku?

Walimzika Ikinga, kwenye mteremko wa migomba. Kabla jeneza halijatoka, mzee mmoja wa ukoo akauliza, "Mtani wake yuko wapi? Msiba huu umekuwa mzito mno, hatutaweza kuubeba." Wakamsukuma Roda mbele. Wakampa sweta la kijani la marehemu, kilemba chake, na kikapu.

Roda alivaa. Alitaka kukataa, lakini kazi ya mtani haikataliwi. Akatoka uani akichechemea, akibetua midomo kama Gwalugano, akiwagombeza waombolezaji kwa sauti ya Gwalugano: "Mnalia nini? Nimekufa au nimechelewa kibarua?" Watu waliangua kicheko huku machozi yakiwatoka. Erica, dada mkubwa wa marehemu, aliyekuwa hajala tangu jana yake, alicheka mpaka akajishika mbavu, na baada ya hapo akakubali uji. Brayan, wa miaka kumi, alicheka mpaka akakaa chini.

Ikupa alikuwa kwenye mkeka, kati ya magoti ya wanawake. Hakuna aliyemtazama.

Kikao cha ukoo kikaamua mtoto arudi Hasamba amalize mwaka wa shule, kisha Erica aje kumwona, na kama mambo hayako sawa amchukue. Wakati wa kuagana Erica alimshika Roda mkono, hakuuachia haraka.

"Mama Brayan, mtoto wa mwenzio ni yai. Likidondoka, hakuna fundi wa kuliunga."

Roda alirudi na maneno hayo kichwani. Usiku alisikiliza pumzi za Ikupa. Mtoto hakuwa analia, na hilo ndilo lililomtisha. Alikula kidogo, mgongo ukutani. Alivaa sweta la mama yake lililomfika magotini, jua kali, baridi, shuleni, kitandani. Roda akawa anajiambia atazoea. Yonasi alikuwa Galula kwenye machimbo, simu yake haipatikani siku nyingi, na kazi ya kahawa haimsubiri mfiwa.

Siku ya Alhamisi Brayan aliingia uani na mdomo umechanika, damu imemchirizika mpaka kwenye kola ya shati la shule. Ikupa alikuwa nyuma yake, hatua chache.

"Mama, ona! Amenipiga na jiwe!"

"Ikupa, ni kweli?"

"Ndiyo."

"Umempiga mwenzio na jiwe?"

"Ndiyo, mama."

Roda alikuwa na beseni la kahawa kichwani na moto umezima. Hakuuliza swali la tatu. "Basi mwombe msamaha. Na wewe Brayan, sema nimekusamehe. Peaneni mikono, yaishe. Nyumba hii haina ugomvi."

Wakapeana mikono. Ikupa alisema, "Nisamehe," kwa sauti ya mtu anayesoma ubaoni. Roda akaridhika, akaendelea na moto wake. Hivyo ndivyo naye alivyolelewa, yeye na ndugu zake saba: mikono inashikana, ugomvi unakufa. Kwamba mikono inaweza kushikana na ugomvi ukaenda kulala chini ya kitanda, hilo hakuna aliyemfundisha.

Ijumaa, wakati wa chakula cha mchana, Brayan alirudi peke yake.

"Mwenzio yuko wapi?"

Brayan alitazama chini. "Hakufika shule."

"Hakufika vipi? Si mmetoka wote?"

"Alisema nitangulie."

Roda alikuwa anapepeta mahindi. Ungo ulimtoka mikononi. Alikimbilia chumba cha uani: blanketi limekunjwa, begi la shule lipo. Akaita kwenye migomba, akaita chooni, akaita mpaka majirani wakatoka. Mtu mmoja akasema alimwona asubuhi akielekea mtamboni.

Mtambo wa kumenyea kahawa uko bondeni. Maji machafu yanayotoka hapo yanaingia kwenye shimo kubwa, jeusi, lenye povu na harufu ya kuvunda. Kila mwaka watu wanasema shimo lizungushiwe uzio, na kila mwaka msimu unaisha. Roda aliteremka akikimbia, na alipofika ukingoni aliiona.

Kandambili moja ya bluu. Mkanda wake ulikuwa umekatika, ukafungwa kwa waya, na sasa waya umefyatuka. Waya ule aliufunga Roda mwenyewe, Jumapili.

Alikaa pale pale kwenye matope akaishika kandambili kifuani, na mzee Mika, mwendesha mtambo, akauona uso wake, akazima mashine bila kuuliza. Ukimya ulioingia bondeni ulikuwa ule ule wa kwenye mistari ya kahawa. Wanaume wakaleta mianzi mirefu. Wakaanza kuitumbukiza shimoni, taratibu, wakiitembeza chini kama watu wanaokoroga uji. Kila mwanzi ulipogota kitu Roda alifumba macho. Mara gogo. Mara gunia bovu.

"Dada, nenda nyumbani," mzee Mika alimwambia. "Hili si la kutazama."

"Nitaenda na nini nyumbani?" Roda akajibu.

Mianzi ikaendelea. Brayan alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, na ghafla akaangua kilio.

"Hayumo humo! Mama, waambie waache, hayumo!"

"Umejuaje?"

"Alisema atakwenda kumwambia mama yake."

"Mama yake yuko kaburini, Brayan."

"Ndiyo. Huko huko."

Roda aliinuka. Kutoka hapo kwenda Ikinga ni mwendo wa kushuka mpaka barabara kuu, kuifuata kuelekea Tunduma, kisha kukata kushoto Mpemba na kupanda milima. Mtoto wa miaka tisa. Kandambili moja. Na ile barabara kuu ina malori pande zote mbili, ya Kongo, ya Zambia, ya wapi, yamepanga foleni ya kuvuka mpaka, na madereva wasiojulikana jina wala ukoo wamekaa wanasubiri. Roda alikuwa ameambiwa mengi kuhusu malori yale. Yote yalimrudia kwa mpigo.

Rabson, bodaboda wa kijiji, aliwapakia wote wawili, Brayan katikati. Hakutaja nauli. Aliwasha tu.

Njiani, upepo ukiwapiga, Brayan alianza kusema bila kuulizwa. Aliongea na mgongo wa Rabson, maana uso wa mama yake asingeuweza. Kwamba wiki iliyopita, mtamboni, watoto walipokuwa wanasubiri wazazi, Ikupa alikaa peke yake kama kawaida, na yeye akaona amchekeshe. Akamwomba sweta akidanganya kwamba anasikia baridi. Akalivaa, akachechemea, akasema, "Mimi ndiye bata wa Ileje, nimechelewa kibarua!" Watoto wakacheka sana. Ikupa hakucheka. Kesho yake watoto wakaanza: Ikupa akipita, "Kwa! Kwa! Kwa!" Darasani, kisimani, njiani. Wakamwuliza kama kwao wanataga. Alhamisi wakamzunguka, naye Ikupa akaokota jiwe, akawapita wote, akampiga Brayan.

"Na wewe ulikuwa unafanya nini walipomzunguka?"

"Nilikuwa nacheka kidogo," akasema.

Roda hakumkaripia. Lile neno bata halikuzaliwa mtamboni. Alijua lilikozaliwa.

Walisimama kila kituo. "Mtoto wa kike, sweta la kijani kubwa kumzidi." Hapana. Hapana. Mama mmoja wa mahindi ya kuchemsha akasema ndiyo, amepita, anachechemea kwa sababu mguu mmoja hauna kiatu, alikuwa anaulizia gari la Ileje.

"Alikuwa peke yake?"

"Mwanzo alikuwa peke yake. Baadaye nilimwona na dereva mmoja wa lori. Mzambia."

Roda alimpiga Rabson begani aondoke.

Walipenya katikati ya malori, ukuta huku na ukuta huku, harufu ya dizeli na mkojo. Rabson aliendesha taratibu sasa, akichungulia chini ya kila tela. Roda alikuwa ameshaliandaa neno. Lilikuwa limemkaa kooni, tayari: mwizi wa watoto. Alijua neno hilo likitamkwa barabarani linafanya nini. Linaleta mawe na matairi kabla halijamaliza kusikika. Alijua, na bado lilikuwa linapanda.

Kisha akaona kijani.

Ikupa alikuwa amekaa kwenye kreti la soda, kando ya mama muuza mihogo, miguu inaning'inia. Mguu usio na kiatu ulikuwa umefungwa kitambaa safi. Mbele yake, dereva mwenye fulana iliyotoboka amechuchumaa, anakatia mkate vipande. Alimwona Roda, akasoma uso wake, akainuka haraka na kuonyesha viganja vyote viwili.

"Bamayo," akasema, kama wanavyowaita akina mama kule kwao, "mtoto aliomba lifti. Mimi nikamwambia lori langu haliendi kwa mama yake. Nikamkalisha hapa kwa huyu mama. Tulikuwa tunasubiri mtu wake."

"Ni kweli," muuza mihogo akadakia. "Tangu asubuhi hajataka kusema kwao wapi. Kafumba mdomo huyu kama kobe!"

Neno likashuka kooni kwa Roda, chungu. Alimshukuru dereva kwa kichwa. Akamwendea Ikupa na mikono imenyooshwa.

"Twende nyumbani, mwanangu."

"Siendi."

"Kwa nini?"

"Mimi siyo mwanao. Mimi ni bata."

Rabson aligeukia pikipiki yake, akajifanya anakagua mnyororo.

"Nani kakuambia wewe ni bata?"

"Wewe," Ikupa akasema.

Kila kitu ndani ya Roda kilitaka kumnyanyua mtoto, kumpakia, kumaliza. Peaneni mikono, yaishe. Badala yake akakaa chini kwenye kokoto, akamvuta Brayan akae naye. "Sema mpaka umalize," akamwambia Ikupa. "Hakuna atakayekukata kauli."

Ikupa alitazama mkate wake. Alianza polepole, kisha maneno yakaja kwa kusukumana. Mama alikuwa amelala ndani ya sanduku. Mama Brayan akavaa sweta lake, akamchekelea mguu wake. Watu wote wakacheka. Mama mkubwa akacheka, akanywa uji. "Mkafurahi kwamba amekufa. Halafu huyu naye akalivaa. Halafu wote."

Wiki zote hizo mtoto alikuwa amelala ndani ya nyumba ya watu aliodhani walifurahia kifo cha mama yake.

"Umemaliza?"

"Ndiyo."

"Mimi na mama yako tulikuwa watani. Mimi nilimwita bata, yeye akaniita mnywa majani. Asingekuwa ananijibu, ningekuwa namtukana. Siku ile wazee waliniambia nitembee kama yeye, na nilitembea kwa sababu niliogopa, Ikupa. Niliona asipotembea mtu vile siku ile, hatatembea tena mtu vile duniani. Watu walicheka kwa sababu walimwona. Lakini wewe nilipaswa kukushika mkono nikueleze kabla. Sikukueleza. Na huyu sikumweleza."

Brayan alikuwa anachora chini kwa kidole. "Mimi nilitaka ucheke," akasema. "Kule Ikinga kila mtu alicheka."

"Ulinifanyia mbele ya watoto."

"Ndiyo."

"Na walivyosema kwa-kwa ukacheka."

"Niliogopa wangenigeukia mimi." Machozi yakamdondoka kwenye mchoro wake. "Sasa hivi kule shimoni walikuwa wanakutafuta na mianzi."

Ikupa alitazama mdomo wake uliovimba.

"Na mlikosea," akasema.

"Tulikosea, mwanangu," Roda akasema.

"Hapana. Mguu. Wote wawili mlikosea mguu. Ni wa kushoto."

Akashuka kwenye kreti. Akavuta sweta lisimsumbue magotini, akaweka mkono kiunoni kama anayeshika kikapu, akatembea. Mguu wa kushoto ulikuja nyuma kidogo, ukachora nusu duara, ukatua kwa kisigino. Bega likapanda, likashuka. Alikwenda mpaka kwenye tairi la lori, akageuka, na alipogeuka akabetua midomo.

"Ninyi nanyi! Kahawa mnalima, kuinywa hamjui!"

Alikuwa Gwalugano mwenyewe. Yule dereva, asiyejua lolote, alicheka kwa sauti, kisha akajishika mdomo akiwatazama. "Nimekosea?"

"Hapana," Ikupa akamwambia. "Hapo ndipo pa kucheka."

Shule zilipofungwa Erica alikuja, na Roda akamsimulia yote, ya mtamboni, ya shimoni na ya barabarani, bila kupunguza. Erica alisikiliza na kitenge mdomoni. Roda alipomaliza, Erica hakumlaumu wala hakumsifu. Alimwita Ikupa, akamuuliza anataka kukaa wapi. Ikupa akasema kwa Mama Brayan, lakini likizo aende Ikinga, na Brayan aje kubeba mzigo.

Mtamboni nako Roda alisema hayo hayo, akina mama na watoto wao wakiwepo. Mmoja akacheka: "Mama Brayan, si utani wa watoto tu?" Roda akamjibu, "Utani ni wa wawili. Huyu hakuwa na wa kumjibu." Wengine walielewa. Wengine walisema anakuza mambo, na shimo bado halina uzio.

Sasa Ikupa yuko darasa la tano. Yeye na Brayan wanagombana kama ndugu yeyote na ndugu yake. Wakigombana Roda anawakalisha kwenye magunia, mmoja anasema mpaka amalize, kisha mwenzake, na mikono haishikwi mpaka wenyewe watake. Siku nyingine jua linazama hawajataka. Na kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, Roda anafungua mlango na kuangalia kwanza kama kandambili za bluu zipo kizingitini, zote mbili.